Kinyago na Mchongaji Wake: Shetani, Picha na Mpaka wa Sanaa na Uhalisi Kusini mwa Tanzania

Ikisiri

Sanaa ya mashetani iliyochongwa na kuchorwa na wasanii kutoka kusini mwa Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20 mara nyingi hulinganishwa na usurealisti wa Ulaya, kwa hoja kwamba zote mbili hufuta mpaka kati ya ndoto na mambo ya kweli. Makala hii inapinga ulinganishi huo bila kuutupa moja kwa moja. Kwa kufuata historia ya maneno kinyago, shetani, halisi na bandia, na historia ya kazi zilizobeba maneno hayo, makala inadai kuwa swali kuu katika eneo hili halikuwa kama picha ni ndoto au ni kweli, bali nani ana haki ya kuithibitisha. Mpaka kati ya sanaa na uhalisi haukufutwa. Ulihamishwa kutoka mikononi mwa jando na unyago hadi mikononi mwa soko. Hoja hiyo inafuatwa kupitia vinyago vya Kimakonde, picha za Tingatinga na Lilanga, tamthilia ya Kinjeketile na riwaya za Kezilahabi, hadi katika mji wa Songea, ambako sanamu ya shujaa husimama mahali ambapo fuvu lake halijarudi.

1.0 Utangulizi

Msamala ni moja ya kata za Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Msafiri anayetoka hapo kuelekea mashariki hupita Namtumbo, kisha Tunduru, kisha Masasi, kabla ya kushuka pwani Mtwara. Barabara hiyo moja inaunganisha sehemu kubwa ya historia ya sanaa ya kisasa ya Tanzania. Wilaya ya Tunduru ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Eneo la Masasi ndiko alikozaliwa George Lilanga mwaka 1934. Kusini mwa barabara, ng'ambo ya Mto Ruvuma, iko nyanda ya juu ya Mueda, walikotoka wachongaji wengi wa Kimakonde waliohamia Tanganyika. Na Songea yenyewe ni mji ambao jina lake ni la mtu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambao makumbusho yake yamejengwa juu ya kumbukumbu ya vita ambamo maji yaliaminiwa kuzishinda risasi.

Si ajabu basi kwamba wageni waliokutana na sanaa ya eneo hili walilikimbilia neno usurealisti. Viumbe vyenye jicho moja, mikono inayoota tumboni, vinywa vinavyomeza miguu yao wenyewe: mtu aliyezoea kazi za Salvador Dalí au Max Ernst angeona hapa ndugu zao wa mbali. Hata hivyo, jina linalotolewa na mtazamaji si lazima liwe jina la kitu. Kiswahili kina methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo ni nadharia kamili ya sanaa kwa maneno machache: inadai kuwa aliyetengeneza picha anaijua kuwa ni picha, na kwamba hofu ni ya asiyeshuhudia uchongaji. Makala hii inauliza kama historia ya kusini mwa Tanzania inaithibitisha methali hiyo au inaikanusha.

2.0 Usurealisti na Dai Lake

Usurealisti ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1924, pale André Breton alipochapisha ilani yake ya kwanza. Dai lake la msingi lilikuwa kwamba ndoto na mambo ya macho makavu si tawala mbili zinazopingana, na kwamba zingeweza kuyeyushwa pamoja katika uhalisi wa juu zaidi. Njia zilizopendekezwa zilikuwa kuandika bila kujizuia, kukubali bahati nasibu, na kuzitii picha zinazojitokeza katika usingizi. Katika uchoraji, dai hilo lilichukua sura mbalimbali. Dalí alichora saa zinazoyeyuka kama siagi juani mwaka 1931. René Magritte, mwaka 1929, alichora kiko kwa uangalifu wa fundi wa matangazo, kisha akaandika chini yake sentensi inayokana kwamba hicho ni kiko. Mzaha huo una uzito: picha ya kitu si kitu, na jicho linalosahau hilo limedanganywa na mazoea.

Wasurealisti walizipenda mno sanaa za watu waliotawaliwa na Ulaya, hasa za visiwa vya Pasifiki. Ramani yao ya dunia iliyochapishwa Brussels mwaka 1929 ilivikuza visiwa hivyo na kuifuta kabisa Marekani. Lakini mapenzi hayo yalikuwa na kasoro. Kinyago kilichotundikwa ukutani Paris kilisifiwa kama ndoto ya jamii nzima; hakikuulizwa kilichongwa na nani, kwa malipo gani, na mbele ya watazamaji gani. Léopold Sédar Senghor alijaribu kurekebisha kasoro hiyo miaka ya 1950 kwa kutofautisha usurealisti wa Ulaya na ule wa Kiafrika, akidai kuwa wa pili unatokana na imani kuhusu nguvu zilizomo katika viumbe. Utofautishaji wake ulimwondoa msanii wa Kiafrika katika kitanda cha mgonjwa wa Freud, lakini ukamweka katika madhabahu. Katika hali zote mbili, msanii hakupewa nafasi ya kuwa fundi anayejua anachokifanya.

3.0 Msamiati wa Picha

Kiswahili kinatoa njia nyingine ya kulikabili suala hili. Kitenzi kuchora, katika matumizi yake ya zamani, kilijumuisha kuchora kwa rangi na kukata alama katika mti au jiwe. Mchoraji na mchongaji walikuwa majirani katika neno moja. Sanamu ni neno la asili ya Kiarabu ambalo huko lilihusishwa na vitu vya kuabudiwa, lakini katika Kiswahili limepoa na kuwa umbo lolote lililotengenezwa. Kinyago kinabeba historia ya kwao: mzizi wake ni uleule wa unyago, na kwa asili ni kitu kinachohusiana na mafunzo ya kuwaingiza vijana utu uzima. Kinyago, kwa hiyo, si umbo tu. Ni umbo linaloonyeshwa kwa mtu fulani, wakati fulani, na mwenye mamlaka ya kulifafanua.

Muhimu zaidi ni jozi ya halisi na bandia. Istilahi za uhakiki wa fasihi, uhalisia na uhalisiajabu, zimejengwa juu ya halisi, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya kitu safi kisichochanganywa. Kinyume chake katika matumizi ya kila siku si ndoto wala njozi. Kinyume chake ni bandia. Na bandia, kabla ya kuzoeleka katika noti bandia na dawa bandia, lilikuwa neno la mwanasesere: mtoto wa bandia ni mtoto wa kuchezea, aliyetengenezwa kwa mfano wa mtoto. Kiswahili kimeliweka umbo lililotengenezwa na udanganyifu katika neno moja, lakini hakikuvilinganisha. Msichana anayembeba mtoto wa bandia mgongoni hadanganywi na wala hamdanganyi mtu. Udanganyifu huanza pale bandia inapouzwa kwa bei ya halisi. Kwa hiyo swali ambalo lugha inamwelekeza msemaji kuliuliza mbele ya picha si kama imetoka katika ndoto, bali kama inayo dhamana, na dhamana hiyo imetolewa na nani.

4.0 Lipiko: Mpaka Wenye Walinzi

Ngoma ya mapiko ya Wamakonde inaonyesha jinsi dhamana hiyo ilivyofanya kazi kabla ya soko. Lipiko, kinyago cha kichwa kizima kilichochongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi kikiwa na nywele za binadamu na chale za usoni, huvaliwa na mchezaji aliyefunikwa mwili mzima. Kwa wanawake na watoto, kwa mujibu wa kanuni ya ngoma hiyo, lipiko si mtu aliyevaa kinyago; ni kiumbe kilichoinuka kutoka kwa wafu. Wavulana wanapopelekwa jandoni, sehemu ya mafunzo yao ni kukabiliana na lipiko, kukishinda na kukivua kinyago, na kugundua kwamba ndani yake yumo jirani wanayemfahamu.

Mtazamaji wa nje angeweza kusema kuwa ngoma hii inafuta mpaka kati ya sanaa na uhalisi. Ukweli ni kinyume. Mpaka upo, ni mkali, na una walinzi. Walioingizwa wanajua, wasioingizwa wanatakiwa wasijue, au, kama watafiti wengi walivyoona kuhusu wanawake watu wazima, wanatakiwa kutenda kana kwamba hawajui. Siri yenyewe si ngumu. Kinachofanya jando liwe jando ni kukabidhiwa siri hiyo pamoja na wajibu wa kuitunza. Methali ya kinyago inaeleweka vizuri hapa: asiyetishwa ni yule aliyeshuhudia uchongaji au aliyeambiwa na walioushuhudia. Uhalisi wa lipiko ni jambo la uanachama.

5.0 Shetani Sokoni

Wachongaji wa Kimakonde walianza kuvuka Ruvuma kwa wingi katika enzi ya ukoloni, wengi wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na idadi yao iliongezeka baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na kuanza kwa vita vya ukombozi vya FRELIMO mwaka 1964. Dar es Salaam walikutana na wafanyabiashara wa sanaa, miongoni mwao Mohamed Peera, ambaye duka lake lilinunua vinyago vya mpingo na kuwahimiza wachongaji wajaribu maumbo mapya. Ni katika mazingira hayo ambapo miaka ya 1950 ulizaliwa mtindo wa shetani, unaohusishwa zaidi na Samaki Likankoa. Simulizi inayorudiwa kuhusu chanzo chake ni kwamba kinyago cha binadamu alichokuwa akikichonga kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kiumbe kisicho binadamu.

Simulizi hiyo ingewafurahisha wasurealisti, kwa kuwa ajali imegeuka ufunuo. Lakini inaweza kusomwa kwa namna ya kawaida zaidi. Mpingo ni mti mgumu, mzito na wa gharama. Fundi aliyeishi kwa kuuza vinyago hakuweza kumudu kuutupa. Umbo lililoharibika lilihitaji jina ambalo lingegeuza kasoro kuwa sifa, na Kiswahili kilikuwa na jina hilo tayari.

Neno shetani lilifanya kazi kubwa kuliko inavyokumbukwa. Kwa Kimakonde viumbe visivyoonekana vilikuwa na majina tofauti. Mizimu ya mababu, yaani mahoka, haikuwa sawa na nnandenga, kiumbe wa porini. Wachongaji walioishi mjini na kuuza kwa Kiswahili waliviweka vyote chini ya shetani. Katika Kiswahili cha pwani, shetani hakuwa Ibilisi wa mahubiri peke yake. Alikuwa pia kiumbe anayempanda mtu, mwenye jina, kabila na madai yake, anayeweza kuombwa na hata kuzoeleka nyumbani. Neno lilipovuka kwenda Kiingereza katika vitabu na vibandiko vya maduka, likabaki na maana ya Ibilisi tu. Mnunuzi alirudi kwao na kitu alichoamini kuwa ni sura ya imani ya kutisha, wakati mchongaji aliweza kuwa amechonga kichekesho, tusi, hadithi ya bibi yake, au namna mpya ya kulitumia tawi lenye kombo.

Wataalamu wamegawanyika kuhusu jambo hili. Sidney Kasfir, katika uchunguzi wake wa mwaka 1980, alisisitiza mchango wa wanunuzi katika kuliunda umbo la kisasa la Kimakonde. Zachary Kingdon, katika kitabu chake cha mwaka 2002, alionyesha kwamba wachongaji aliofanya nao kazi walikuwa na fikra zao wenyewe kuhusu viumbe hao, na kwamba kuziita kazi zao bidhaa za watalii tu ni kuwanyima akili. Hoja hizi mbili si lazima zipingane. Kinachozipatanisha ni kuona kilichopotea njiani: kinyago kilitenganishwa na unyago. Shetani alipouzwa, hakuandamana na mtu wa kumwambia mnunuzi kilicho ndani. Mnunuzi aliachwa katika nafasi ya mtoto ambaye hajaingizwa jandoni, akiliona lipiko kwa mbali. Tofauti ni kwamba mtoto alijua ipo siku ataambiwa.

Soko lilijaza pengo hilo kwa dhamana ya aina yake. Kwa kuwa halikuweza kuuliza kama shetani ni halisi, liliuliza kama mpingo ni halisi. Mti laini uliopakwa rangi ya viatu ukawa ndio bandia. Kwa hakika, wasiwasi wa wanunuzi juu ya uzito wa kinyago, rangi ya kitako chake na harufu yake ni wasiwasi uleule wa zamani kuhusu ukweli wa picha, ila sasa umeshuka kutoka kwenye maana hadi kwenye malighafi.

6.0 Tingatinga na Lilanga

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa mtu mzima mwenye kazi nyingine za kutafutia riziki. Alitumia hadibodi za mraba na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, na kazi zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Katika picha zake nyingi mnyama mmoja hujaza ubao karibu wote, juu ya rangi moja tupu, bila ardhi, bila kivuli, bila saa ya mchana. Wapo waliotafuta asili ya mtindo huo katika michoro ya kuta za nyumba za kusini, na wapo walioitafuta kwa wachoraji kutoka Kongo waliouza picha zao mjini. Mjadala huo haujaisha, na pengine pande zote mbili zina hoja.

Chui wa Tingatinga si chui wa ndoto. Pia si chui wa mbuga. Ni chui wa simulizi, aliyetengenezwa kwa sifa zile tu zinazohitajika ili atambulike: madoa, mkia, jicho. Kuondolewa kwa mazingira, ambako mhakiki wa Ulaya angekusoma kama utupu wa njozi, kunafanana zaidi na mwanzo wa ngano, ambapo paukwa hujibiwa pakawa na mahali hapatajwi. Msikilizaji wa ngano haulizi chui huyo yuko wilaya gani, wala hadanganywi.

Uhalisi ulimfikia Tingatinga kwa njia isiyohusiana na picha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliodhani ni mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne. Kosa lililomuua lilikuwa kosa la kutazama: mtu mmoja alichukuliwa kuwa mfano wa mwingine. Baada ya kifo chake, wanafunzi wake, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, waliuendeleza mtindo, na mwaka 1990 chama cha ushirika chenye jina lake kikaundwa. Jina la mtu likawa jina la aina. Leo mtu husema anachora tingatinga, kwa herufi ndogo, kama mwingine asemavyo anachonga vinyago. Na kadiri jina lilivyoenea, ndivyo kazi zake mwenyewe, ambazo ni chache, zilivyoanza kuigizwa hadi sahihi yake. Jozi ya halisi na bandia ilirudi tena, safari hii ikimlinda marehemu.

George Lilanga aliiweka jozi hiyo katika hali tofauti. Alitoka katika uchongaji na kufika Dar es Salaam miaka ya 1970, ambako alifanya kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa kabla kipaji chake hakijatambuliwa hapo. Aliwahamisha mashetani kutoka mpingo hadi ngozi, kitambaa na ubao wa rangi. Viumbe wake wana masikio mapana, matumbo yaliyofura na midomo iliyotokeza, lakini wanachokifanya ni mambo ya kila siku: wanakunywa pombe, wanapeleka wagonjwa hospitali, wanagombana, wanacheza ngoma, wanasema umbeya. Kazi zake nyingi zina vichwa vya Kiswahili ambavyo ni sentensi za maisha ya kawaida. Hapo ndipo usomaji wa kisurealisti unapokwama. Magritte alichora kitu cha kawaida, kisha akakikana kwa sentensi. Lilanga alichora kitu kisicho cha kawaida, kisha akakirudisha kijijini kwa sentensi. Picha inasema shetani. Kichwa kinasema jirani. Mtazamaji anayejua Kiswahili anapewa ndani ya kazi yenyewe kile ambacho mnunuzi wa shetani wa mpingo alinyimwa: mtu wa kumvulia lipiko. Asiyejua lugha hubaki nje, akistaajabia rangi. Lilanga alifariki mwaka 2005, na sehemu kubwa ya wapenzi wake wako katika kundi hilo la pili.

7.0 Kinyago Kinachomtisha Mchongaji

Methali imeshikilia hadi hapa: wasanii hawakutishwa na walichokifanya. Fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, imeandika kisa kinachoivunja. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikikusanya ushahidi wa mdomo kuhusu vita vya Majimaji. Kinjikitile Ngwale wa historia, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita kuanza. Katika utangulizi wake Hussein aliweka wazi kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu na si mwigo wa mtu huyo. Ni tamko la kawaida kwa msanii, lakini linageuka kejeli mtu anaposoma tamthilia yenyewe, kwa kuwa kisa chake ni cha mtu aliyetoa neno, na neno hilo likakataa kubaki mikononi mwake. Watu wanayachukua maji kama yalivyosemwa, wala si kama msemaji anavyoanza kuyaelewa. Mwishoni, mbele ya Wajerumani, anakataa kuyakana, si kwa sababu anayaamini kama mwanzo, bali kwa sababu kuyakana kungeua pia kilichozaliwa kutokana nayo.

Hapa ndipo mpaka kati ya sanaa na uhalisi unapokuwa suala la uhai. Maji ya Majimaji yalikuwa na sehemu ya picha: mtama, mizizi na maji, vikisimama badala ya umoja wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja. Kama picha, yalikuwa kweli, umoja ulitokea. Kama ngao, yalikuwa bandia. Risasi hazikugeuka maji. Waliokufa katika vita na katika njaa iliyofuata wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Hussein hakuuliza kama watu walidanganywa. Aliuliza kama mchongaji anaweza kumrudia kila aliyekiona kinyago chake na kumwambia kilivyochongwa, na akaonyesha kwamba wakati mwingine hawezi.

Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, zililichukua swali hilo na kuliingiza katika umbo la masimulizi. Msafiri hupita katika miji isiyo na ramani, hukutana na wanafalsafa waliokwisha kufa, na huwinda paa asiyekamatika. Wahakiki, akiwemo Said A. M. Khamis katika makala yake ya mwaka 2003, wamezisoma kwa mkabala wa uhalisiajabu. Usomaji huo una msingi, lakini unafaa kukumbuka kuwa Kezilahabi mwenyewe, katika tasnifu yake ya mwaka 1985, alikuwa ameshaikosoa dhana nzima kwamba sanaa ni kioo cha kitu kilicho nje yake. Kwa mtazamo huo, si uhalisi uliochanganywa na ajabu. Ni kukataa kwamba kuna mlinzi mmoja wa kutangaza kipi ni kipi. Kama soko lilimpa mnunuzi kinyago bila unyago, Kezilahabi alimpa msomaji unyago bila kungwi: mafunzo ambayo mwanafunzi lazima ayafafanue mwenyewe.

8.0 Songea: Sanamu na Fuvu

Safari inarudi ilikoanzia. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Kumbukumbu za mji huwataja mashujaa 67, wengi wao wakizikwa katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ulichukua jina lake, alizikwa peke yake, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani. Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980 katika eneo la Mahenge mjini hapo, yana sanamu za viongozi hao. Kila Februari watu hukusanyika mbele yake.

Sanamu za Songea hazina lolote la kisurealisti. Zimechongwa kwa nia ya kufanana na watu. Lakini ndizo zinazouweka mpaka kati ya sanaa na uhalisi katika hali yake ngumu zaidi, kwa sababu mahali pa mwili ipo picha, na mwili wenyewe huenda umehifadhiwa katika sanduku lenye namba kama kifaa cha makumbusho. Bara lililochukua vinyago na kuviita ndoto ndilo lililochukua mafuvu na kuyaita vielelezo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano. Mwaka huohuo vipimo vya vinasaba vilivyofanyiwa mafuvu ya Afrika Mashariki yaliyoko Berlin vilionyesha kuwa baadhi yake yana jamaa walio hai Tanzania, katika familia za Kichaga. Maabara imekuwa mlinzi mpya wa mpaka. Ndiyo inayosema kipi ni halisi.

Hata hivyo, familia na mji havikusubiri maabara ili kuomboleza. Kwa miongo kadhaa sanamu imepokea heshima ambazo zingestahili mwili, na hakuna aliyedhani kwamba sanamu ndiyo mwili. Huo si ujinga wa picha. Ni ustadi uleule wa mapiko: kutenda kwa dhati mbele ya umbo ambalo kila mshiriki anajua limetengenezwa. Kinachodaiwa Ujerumani ni kukomeshwa kwa hali ambayo sanamu imelazimika kubeba zaidi ya kazi yake.

9.0 Hitimisho

Ulinganishi wa sanaa ya kusini mwa Tanzania na usurealisti una faida moja: unaonyesha kwa uwazi mahali ambapo mambo haya mawili yanaachana. Usurealisti ulitaka kuufuta mpaka kati ya ndoto na uhalisi kwa sababu uliuona kuwa gereza la akili. Katika mapiko, katika shetani wa mpingo, katika vichwa vya picha za Lilanga na katika Kinjeketile, mpaka huo ni mali ya jamii, na swali ni nani anaukabidhi kwa nani. Soko lilipoununua, liliuza maumbo na kuuacha ufafanuzi. Msamiati wa Kiswahili ulihifadhi kile ambacho soko halikukitaka: uhusiano wa kinyago na unyago, na tahadhari kwamba bandia si kosa hadi pale inapokana kuwa bandia.

Methali ya kinyago, kwa hiyo, inahitaji nyongeza ambayo historia ya Ruvuma imeitoa. Kinyago hakimtishi aliyekichonga, mradi kibaki mahali ambapo wapo wanaojua kilivyochongwa. Kikipelekwa mbali nao, au kikibeba matumaini ya watu wengi kuliko mikono iliyokichonga, hata mchongaji mwenyewe hujikuta amesimama miongoni mwa wanaokitazama kwa mbali, akisubiri aambiwe kilicho ndani.